Darren Ana Haya

Jumamosi, 10 Mei

Nyuzi sita. Kilomita tatu. Mbwa mmoja, Maharage peke yake. Nyayo ziko sawa.

Maharage hajui kuongoza. Maisha yake yote amekimbia kwa sababu wa pembeni yake anakimbia. Leo kafika njia panda akasimama, akageuza kichwa upande wa kulia, pale alipokuwa anakaa mwenzake, Chapati. Hakuna kitu pale. Binti yangu Upendo akashuka kwenye skuta inayovutwa na mbwa, akamvuta kwa mkono.

Daftari hili ni la mbwa. Naliandika mwaka wa tatu sasa: baridi, umbali, nyayo. Hakuna anayelisoma. Kwa hiyo naandika mara moja, nisirudie.

Chapati alikufa Jumanne, tarehe 15 Aprili, mbele ya nyumba yetu hapa Minto, Australia, chini ya gari la mtu aliyekuwa na safari zake. Geti la pembeni lilikuwa wazi. Niliacha wazi mimi. Nilitoa pipa la taka saa kumi na moja alfajiri, nikawahi zamu ghalani, sikurudisha komeo. Mbwa walikuwa bado ndani. Saa tatu na nusu akaja mtu wa vifurushi, akaweka boksi nyuma ya geti kama kawaida yake. Saa nne Upendo akaamka, yuko likizo, akawafungulia mbwa uani. Saa tano kasoro akanipigia simu. Sikumwelewa kwa kilio. Nikauliza, kuna mtu kaja leo? Akasema delivery. Nikasema: basi ni huyo.

Maneno matatu. Nilikuwa nimekaa juu ya foklifti, injini inawaka.

Mama Upendo akaandika malalamiko kwa kampuni. Mtu wa vifurushi akaondolewa kwenye mtaa wetu. Anaitwa Désiré, Mrundi, tunasali naye kanisa moja.

Sihisi kitu. Nimekuwa nikingoja kuhisi. Nakula, nalala, naendesha foklifti.

Jumapili, 11 Mei

Hatukimbizi Jumapili.

Ibada ya Kiswahili, Liverpool hii ya huku kwetu. Siku ya akina mama, kila mama kapewa ua jeupe. Désiré alikaa safu ya nyuma na mkewe. Tulipopeana mkono wa amani alinipa mikono yote miwili. Mkono wake ulikuwa na joto. Wangu sijui.

Mahubiri yalikuwa marefu. Sikumbuki hata neno moja.

Jumatano, 14 Mei

Mbwa mpya kaja. Upendo na mama yake walimwomba kwenye kituo cha mbwa waliookotwa. Mimi sikuulizwa, nami sikukataa.

Anaitwa Darren. Nimeuliza mara mbili. Darren. Meneja wangu wa kwanza nchi hii aliitwa Darren, naye hakunitazama machoni hata siku moja.

Mwembamba, rangi ya majivu, miguu mirefu, sikio moja limechanika zamani. Walimkuta barabarani huko mashambani. Yule dada wa kituo akasema ni shy. Mama Upendo akatafsiri: ana haya. Nikasema huyo ni mwoga tu, mbwa na haya wapi na wapi. Mama Upendo hakucheka.

Nilipoingia kutoka kazini mbwa alijikojolea papo hapo. Ni kizibao changu cha kazi, kile cha rangi ya kung'aa. Alimwona mtu wa namna hiyo mahali fulani, na mtu huyo hakuwa mwema. Yuko nyuma ya mashine ya kufulia. Haonekani ila pua.

Maharage alienda kumnusa, akarudi kulala karibu na geti. Analala hapo tangu Aprili.

Ijumaa, 16 Mei

Darren hali mtu akimtazama. Navua kizibao kwenye ngazi ya mlango, naingia na fulana, baridi yote hii. Naweka sahani, nakaa chini, nampa mgongo. Baada ya nusu saa nasikia anatafuna.

Hilo ndilo jambo lililonifaa wiki nzima. Kukaa na mtu asiyetaka kutazamwa.

Jumanne, 20 Mei

Siku ya pipa. Nimefunga geti. Nimefika kwenye gari, nimerudi, nimelifunga tena.

Jumamosi, 24 Mei

Nyuzi nane. Kilomita mbili. Maharage na Darren. Nyayo ziko sawa. Kuna jambo.

Niandike kwanza jinsi tunavyofanya, maana leo ndipo nimeliona. Nyumbani tunamsemesha Upendo Kiswahili, anajibu Kiingereza. Miaka kumi na sita ndivyo tulivyo. Lakini mbwa, tangu alipowapata, aliwafundisha kwa Kiswahili, kwa kupenda kwake. Haya ni kuondoka. Kulia, kushoto, polepole, basi. Mama yake alikuwa anasimama dirishani kumsikiliza tu. Kiswahili chote cha mtoto wetu kilikuwa kinakwenda kwa Chapati.

Wenzetu wanaokimbiza mbwa msituni wanatumia maneno yao ya kikazi. Kulia ni gee. Kushoto ni haw, nao wanaitamka haa, kama mtu anayeshusha mzigo.

Leo tukamfunga Darren mikanda. Nilidhani atalala chini atetemeke. Hakutetemeka. Aliinua mguu mmoja, akauingiza mwenyewe. Kisha wa pili. Upendo akanitazama. Ni mara ya kwanza kunitazama hivyo tangu Aprili, nami nikaangalia kamba.

Akapanda skuta. Akasema, haya! Darren akaruka kwenda kushoto, moja kwa moja kwenye kichaka, na Maharage na skuta na mtoto nyuma yake.

Tukawatoa. Tukawapanga. Haya! Kushoto tena, kichaka kile kile.

Lorraine alikuwa anatazama. Huyu ni bibi wa chama cha wakimbiza mbwa, ana mbwa tisa na goti moja zima. Akacheka mpaka akakohoa. Akatueleza: huyu mbwa amefundishwa. Alikuwa na kazi yake huko alikotoka. Nyinyi mnasema haya, yeye anasikia haa. Mbwa anachukua mwanzo wa neno, mengine ni yetu.

Akamwambia gee. Darren akageuka kulia bila hata kufikiri.

Upendo alikumbatia shingo ya mbwa akazika uso. Mbwa akakaa kimya, macho pembeni, kama mtu anayekumbatiwa na mgeni.

Jumatano, 28 Mei

Upendo kabandika karatasi mlangoni mwa friji. Kalamu nene nyekundu. NO HAYA.

Amri ni kwa nyumba nzima, maana Darren anatusikia mpaka jikoni. Mama yake akisema haya chakula tayari, mbwa anageuka kushoto anagonga kabati. Kweli, nimemwona. Sasa tunasema sawa, tunasema njoo. Nimejihesabu ghalani kwa siku moja: nimesema haya mara thelathini na kitu. Haya twende, haya bwana, haya kwa heri. Neno dogo hilo. Sikujua kwamba tunaishi juu yake.

Na kila asubuhi nafungua friji kuchukua maziwa, na kila asubuhi nasoma. Hakuna haya. Mtoto kanibandikia hukumu bila kujua.

Jumamosi, 31 Mei

Nyuzi tano. Kilomita nne. Wawili. Kucha moja ya Maharage imepasuka kidogo, nimepaka mafuta.

Anakimbia vizuri sana Darren. Hapigi kelele kama wengine. Anainamisha kichwa, anavuta. Maharage anamfuata, mkia juu, mara ya kwanza.

Upendo sasa anatumia gee na haw na maneno mengine ya kina Lorraine. Yote Kiingereza. Kiswahili kimekwisha kinywani mwake, hata kile cha mbwa. Mama Upendo alituona tunaondoka asubuhi, alikuwa ametoka zamu ya hospitali, akasikia. Akaingia kulala.

Ndugu zangu Makete nimewatumia picha. Wameuliza kama punda wamekwisha Australia.

Jumapili, 1 Juni

Désiré kaja.

Nilikuwa uani nasafisha skuta. Nikasikia hodi kwenye geti la pembeni. Hakuligusa. Alisimama mbali nalo hatua mbili, mikono nyuma, mpaka nikafungua mimi.

Kaja na mfuko wa ndagala, dagaa zile za kwao za ziwani, zinauzwa kwenye duka la Waafrika. Akasema ni za yule mbwa mwingine aliyebaki, na za madamu pia kama atapenda. Nikamkaribisha, tukakaa kwenye ngazi. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Akaanza kueleza, naye alijipanga tangu nyumbani, nilimwona.

Akasema: "Papa Upendo, naomba pardon. Ile siku nilikuwa pressé sana, haraka haraka, nilikuwa na vifurushi mia moja na kitu. Pengine ni miye niliacha ile portail wazi. Nimefikiri, nimefikiri. Pengine ni miye."

Nilitakiwa kusema hapo. Mahali palikuwa pameandaliwa, mtu kanifungulia mlango mwenyewe. Upendo alikuwa dirishani, dirisha wazi.

Nikasema: yamekwisha, ndugu yangu.

Akanishukuru. Akanishukuru mimi. Akasema sasa wamemweka kupanga mizigo ghalani kwao, mgongo unamsumbua, lakini Mungu ni mwema. Alipoondoka alilifunga geti mwenyewe, akalitikisa, akalitikisa tena, akanipungia mkono.

Upendo akatoka, akasema, "That was decent of him." Akachukua ndagala akampa Maharage mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, tuliambiwa utotoni. Yangu ina urefu wake.

Jumanne, 3 Juni

Pipa. Geti mara mbili.

Sikulala. Si kwa majuto. Nilikuwa nimejilaza chali natazama dari.

Jumamosi, 7 Juni

Nyuzi nne. Kilomita tano. Wawili. Nyayo ziko sawa.

Lorraine anasema tuingie mashindano ya tarehe 21. Skuta ya mbwa wawili, kilomita tano. Upendo kasema yes kabla bibi hajamaliza. Hii ndiyo saa pekee anayokaa na mimi kwa wiki, Jumamosi garini na msituni. Siku nyingine ni mlango wa chumba umefungwa. Tukienda haongei sana, lakini anaweka miguu juu ya dashibodi na ananiachia nichague redio.

Nikimwambia, basi nitapoteza hilo. Ndiyo hesabu yangu yote. Nimeiandika hapa niione. Ni ndogo, na kwa bei hiyo nimemuuza Désiré.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Upendo kapika maharage na ndagala za Désiré. Kasema ni tamu, tumwalike na mkewe. Kasema labda tulimwonea, mtu mwenyewe mstaarabu vile. Kasema labda aandike tena kwa kampuni, awaombe wamrudishe.

Nikasema ngoja kwanza.

Ngoja nini? akauliza. Nikaongeza chumvi.

Jumamosi, 14 Juni

Nyuzi mbili. Nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, kama kwetu Makete mwezi wa saba. Kilomita tano. Wawili. Dakika zimepungua, Lorraine kapiga mluzi.

Baada ya mazoezi nilikaa kwenye gogo navua viatu. Darren akaja. Akasimama mbali kwanza. Nikampa mgongo kama tunavyofanya. Akazunguka, akaweka kidevu juu ya buti langu, akakiacha hapo. Hakutazama juu. Nami sikutazama chini.

Mwezi mzima nimekaa na huyu mbwa na bado sijui alifanywa nini. Kila kitu kikianguka anajilaza chini, tumbo ardhini, anangoja. Sahani ikianguka jikoni, yeye anadhani ni kosa lake. Upendo anamwambia, "It wasn't you, mate, it wasn't you." Anamwambia hivyo kila siku.

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Hatukukimbia. Sina la kuandika.

Ijumaa, 20 Juni

Vitu viko garini. Kamba mbili, mikanda, maji, mablanketi, kofia ya Upendo. Mama Upendo ana zamu kesho, hatakuwepo. Kanishika shati akasema, na wewe, chunga mdomo wako. Alikuwa anatania, kwa ajili ya lile neno.

Jumamosi, 21 Juni

Nyuzi tatu. Kilomita tano kasoro kidogo. Nyayo: Darren salama, Maharage salama. Upendo kiwiko na nyonga.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mwendo wa saa moja na nusu kusini, msitu wa misonobari. Ukungu. Magari kama arobaini, mbwa wanalia kila mahali. Sisi Waafrika pekee, watu walitusalimia sana. Darren alikaa chini ya gari mpaka zamu ikafika. Nilikuwa nimevaa koti jeusi, hakuna kizibao.

Wanaondoka mmoja mmoja. Mimi nilimshika Darren mstarini, Lorraine akamshika Maharage. Upendo alikuwa na uso wa mama yake wakati wa kuingia zamu. Mtu akahesabu. Upendo akasema neno la Kiingereza, wakaenda. Hakuna kichaka. Nyoofu kama uzi.

Mimi nikakata msitu kwa miguu, nikaenda kusimama njia panda ya mwisho. Kulia ni kwenye kamba ya kumalizia, mita mia mbili. Kushoto ni njia ya magari, kuna kizuizi cha mti. Tulikuwa watu wanane hapo. Tukangoja, tukasikia magurudumu.

Akatokea yeye. Kabla ya yule aliyeondoka mbele yake. Alikuwa amempita msituni. Darren kichwa chini, Maharage ulimi nje, Upendo anasukuma kwa mguu, anasukuma, mashavu yanang'aa kwa jasho, anacheka. Alikuwa anacheka. Sijamwona anacheka tangu Aprili. Kitu kikapanda kifuani kwangu, kikatoka kabla sijakishika.

Nikapiga kelele: "Haya mama! Haya, haya!"

Kama mzazi yeyote wa kwetu.

Darren alinisikia. Alikuwa anajua sauti yangu, mwezi mzima nimemlisha. Akageuka kushoto. Mara moja, bila kufikiri, kama alivyofundishwa. Maharage akamfuata. Skuta ikapiga kizuizi. Upendo akaruka juu yake akaangukia upande.

Watu wakakimbia. Nami nikakimbia. Alikuwa amekaa, anashika kiwiko, damu kidogo, kofia iko sawa. Yule wa nyuma akapita kulia, kisha mwingine. Darren alikuwa amelala chini. Tumbo ardhini, masikio yamelala, macho yamefungwa, anangoja kupigwa. Alikuwa ametii tu.

Na Upendo akasema, "I said it. I must've said haya. I got excited, Dad, I forgot. It's on me." Analia na kamasi. "Sorry, Darren. It's on me."

Alikuwa hajanisikia. Kofia, magurudumu, upepo. Hakuna aliyejua nimesema nini, wale wengine saba hawajui Kiswahili. Nilikuwa nimeachiwa tena. Ningenyamaza tu. Hata maneno matatu yasingehitajika.

Nikamtazama mbwa pale chini. Hapo kikanipata. Sijui niite nini. Nikakaa kwenye tope.

Nikasema, ni mimi. Mimi ndiye nimepiga kelele. Wewe hujasema kitu.

Akasema, "It's okay, Dad."

Nikasema, na geti ni mimi.

"What gate?"

Nikasema, la Chapati. Nilitoa pipa. Sikurudisha komeo. Désiré alilikuta wazi. Nilijua tangu uliponipigia simu.

Nilisema kwa Kiswahili chote, polepole, aelewe. Akaelewa. Niliona anaelewa, neno kwa neno, kama mtu anayesoma.

Hakupiga kelele. Alisimama, akamfungua Darren, akamfungua Maharage, akaondoka nao kwa mkono mmoja. Karudi Minto kwenye gari la Lorraine. Mimi nikarudi na skuta.

Mama Upendo karudi saa kumi jioni. Nikamwambia kabla hajavua viatu. Alikaa. Akasema, jina lililoko kwenye ile barua ni langu. Si lako, ni langu. Akasema, tumekula ndagala zake. Kisha akauliza kama Désiré anajua. Nikasema bado.

Akasema, basi unakaa hapa unafanya nini.

Jumapili, 22 Juni

Jana ile ile nilikwenda kwa Désiré lakini hawakuwepo. Leo baada ya ibada nikamfuata mpaka Cabramatta, anakaa ghorofa ya pili nyuma ya soko. Kanisani nisingeweza, na mkewe alikuwa karibu.

Alinifungulia mlango. Nikasema yote nikiwa nimesimama.

Nyuma yake televisheni ilikuwa inaongea. Désiré akasema: "Papa Upendo, miye nilishaanza kukumbuka. Unaelewa? Nilikuwa nauona huu mkono wangu unaacha ile portail. Nilikuwa nauona kabisa."

Akautazama mkono. Akasema basi, asante ya kuniambia.

Hakunikaribisha ndani. Mrundi, na mgeni mlangoni. Nilishuka ngazi.

Nahisi sasa. Si vizuri. Ni kama mguu uliokufa ganzi damu ikirudi, unatamani ungebaki umekufa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeandika kwa kampuni. Kiingereza changu mwenyewe, makosa yake yote, jina langu chini. Nimeandika kwamba geti liliachwa na mimi, na mke wangu aliambiwa uongo na mimi, na huyo mtu hana kosa. Nimesoma mara nne kabla ya kutuma.

Wamejibu kwa mistari miwili. Wanashukuru kwa maoni yangu. Désiré bado yuko ghalani.

Nimewapigia. Wamesema watanipigia.

Jumamosi, 28 Juni

Nyuzi saba. Hatukwenda. Upendo hajatoka chumbani. Darren kalala nje ya mlango wake. Nimeweka sahani, nimempa mgongo. Hakula mpaka nilipoondoka.

Ile karatasi bado iko kwenye friji. Hakuna aliyeitoa, nami sina ruhusa.

Jumanne, 1 Julai

Pipa. Mama Upendo kalitoa yeye, kwa nguo ya kulalia, kabla sijaamka. Tulikutana mlangoni. Akasema chai iko mezani.

Nimeipigia kampuni tena. Nimempata mama mmoja, kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema atapeleka kwa wakubwa. Nimemwambia Désiré kwa simu. Akasema sawa. Sawa tu.

Jumamosi, 5 Julai

Nyuzi tatu. Kilomita tatu. Wawili.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nawasha gari nikawakimbize mwenyewe, maana mbwa hawana kosa. Mlango wa nyuma ukafunguka. Upendo akaingia, akakaa nyuma na mbwa, si mbele. Kiwiko kina bandeji. Nikaendesha. Redio sikuigusa.

Msituni ukungu kidogo. Aliwafunga mwenyewe. Darren akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Nilisimama mbali, mdomo nimeufunga.

Akapanda skuta. Akaweka mikono kwenye usukani. Nilidhani atatumia lile neno la kina Lorraine.

Akasema, "Twende."

Darren hakulijua. Akageuza kichwa akamtazama. Akamtazama kabisa usoni, mbwa yule. Upendo akarudia, kwa sauti ya chini, anamfundisha. Twende. Akasukuma kwa mguu kumwonyesha. Mara ya tatu wakaondoka.

Sikukimbia nyuma yao. Nilikaa kwenye gogo nikangoja. Walirudi taratibu, wote watatu wanatoa mvuke.

Tumerudi saa tatu. Tukawaingiza mbwa uani kwa pembeni. Maharage alipita geti bila kusimama, akaenda kunywa maji. Nikalifunga, nikashusha komeo. Upendo alikuwa amebeba ndoo, akaiweka chini, akarudi. Akalijaribu kwa mkono wake mzima. Akalitikisa. Akalitikisa tena. Kisha akachukua ndoo yake akaingia ndani.

Nyayo ziko sawa. Geti limefungwa. Limeangaliwa na wawili.